Namna ya Kuunda Zimwi Jipya kwa Michezo ya Kuigiza ya Mezani: Mfano wa Nunda Mla Watu

Kila anayeendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao wachezaji huketi pamoja wakiwa na madadu na karatasi za wahusika wao huku msimulizi mmoja akiwatungia ulimwengu, hufika mahali ambapo mazimwi ya vitabuni hayamtoshi tena. Wachezaji wameshayasoma. Wakisikia jina la Troll tu, mmoja wao huwasha mwenge kabla msimulizi hajamaliza sentensi, kwa sababu anajua kwamba majeraha ya jitu hilo hujiponya kila zamu isipokuwa limepigwa kwa moto au tindikali. Hofu imekwisha, na kilichobaki mezani ni hesabu.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuunda zimwi ambalo wachezaji hawajalikuta popote. Kanuni ninazozitumia ni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, kwa kuwa zinajulikana na wengi na kwa kuwa sehemu yake ya msingi imetolewa tangu Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa sharti la kutaja chanzo. Ina maana kwamba zimwi utakaloliunda juu ya msingi huo unaweza kulichapisha na hata kuliuza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Anza na uamuzi, namba zisubiri

Waundaji wengi wapya huanza na nguvu: zimwi langu litakuwa na vichwa vingapi, litatema nini, litakuwa na uhai kiasi gani. Mimi nashauri uanze na uamuzi. Jiulize zimwi lako litamlazimisha mchezaji achague kati ya mambo gani mawili anayoyajali, kisha uandike jibu katika sentensi moja. Sentensi hiyo ikikushinda kuandika, ulicho nacho bado ni gunia la kupigwa mpaka lipasuke, hata ukiliwekea mabawa na pembe.

Mfano bora ninaoujua ni lile zimwi dogo linalokula chuma na kukigeuza kutu. Gary Gygax, aliyeubuni mchezo huu pamoja na Dave Arneson na kuuchapisha mwaka 1974, alilipata umbo la kiumbe huyo kutoka katika vidude vya plastiki vya bei rahisi vya kuchezea watoto. Katika toleo la tano lina pointi 27 tu za uhai, na kundi la wahusika wa ngazi ya chini linaweza kulimaliza upesi. Hata hivyo nimewaona mashujaa waliovaa deraya wakilikimbia, kwa sababu haligusi uhai wao kwanza; linagusa deraya na panga walizozipata kwa jasho la vikao vingi. Mpiganaji anatakiwa kuamua: nipige kwa upanga wangu nikijua utaharibika, au niuweke chini nipigane kwa rungu la mti? Uamuzi huo ndio zimwi lenyewe. Umbo, rangi na sauti vinakuja baadaye kuutumikia.

Tuchukue sasa mfano wetu kutoka katika ngano za pwani ya Waswahili, ambazo zimejaa viumbe wa aina hii na ambazo waundaji wetu wanazipita mara nyingi wakikimbilia mazimwi ya Ulaya. Nunda mla watu alianza akiwa paka wa sultani. Alikula mifugo, na watu walipokwenda kushtaki, sultani alimtetea kwa hoja kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake pia. Paka akazidi kukua, akaanza kula watu, hadi akawaua watoto wa sultani mwenyewe. Mwana mdogo akatoka kumsaka bila kulijua vizuri umbo lake, akawa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumleta nyumbani, na kila mara mama yake alimwambia kwamba huyo siye Nunda.

Ngano hiyo ina hazina mbili kwa muundaji. Ya kwanza ni kwamba Nunda anakua kwa kile anachokula. Ya pili ni kwamba anayemsaka hajui kwa hakika anamtafuta mnyama wa namna gani. Hazina ya pili inafaa uchunguzi kabla ya pambano, na nitairudia. Ya kwanza inatupa sentensi yetu: mchezaji atachagua kati ya kumpiga Nunda na kuviokoa vile ambavyo Nunda anataka kuvila.

Namba na maana yake

Kabla ya kuandika jedwali la sifa za Nunda, tuelewane kuhusu vipimo. Kinga ni namba ambayo mshambuliaji anapaswa kuifikia au kuipita kwa dadu la pande 20 baada ya kuongeza nyongeza yake. Kila pointi moja ya kinga hubadilisha uwezekano wa kupatwa kwa asilimia 5. Pointi za uhai ni kiasi cha madhara ambacho kiumbe anaweza kukistahimili kabla ya kuanguka. Kila sifa ya mwili au akili huzaa nyongeza: toa 10, gawa kwa 2, na ushushe hadi namba kamili iliyo chini, hivyo nguvu 18 hutoa nyongeza ya 4. Daraja la ugumu ni kipimo cha jumla kinachomaanisha kwamba wahusika 4 wa ngazi inayolingana na namba hiyo, wakiwa hawajachoka, wanatarajiwa kumshinda kiumbe huyo bila mmoja wao kufa.

Mwongozo wa msimulizi wa 2014 unapendekeza viwango kwa kila daraja. Kwa daraja la 1 ni kinga 13, uhai 71 hadi 85, nyongeza ya shambulio 3, na madhara 9 hadi 14 kwa duru moja, yaani mzunguko ambamo kila mshiriki wa pambano hupata zamu yake. Kwa daraja la 2, kinga na nyongeza hazibadiliki, lakini uhai hupanda kuwa 86 hadi 100 na madhara 15 hadi 20. Daraja la 3 lina kinga 13, uhai 101 hadi 115, nyongeza 4 na madhara 21 hadi 26. Daraja la 4 lina kinga 14, uhai 116 hadi 130, nyongeza 5 na madhara 27 hadi 32. Unapima ulinzi na ushambuliaji kila kimoja peke yake, unapandisha au kushusha daraja moja kwa kila tofauti ya pointi 2 katika kinga au katika nyongeza ya shambulio, kisha unatafuta wastani wa hivyo viwili.

Viwango hivi visishikwe kama sheria isiyovunjwa. Ogre wa kitabuni, jitu la daraja la 2, ana uhai wa pointi 59 tu na kinga 11, chini kabisa ya mapendekezo hayo, ila rungu lake lina nyongeza ya 6 na wastani wa madhara 13. Anaua haraka na anakufa haraka, na nadhani hiyo ndiyo sababu wasimulizi wengi wanampenda: pambano lake halichoshi. Ukitakiwa kukosea upande mmoja, punguza uhai na uongeze madhara. Zimwi lenye uhai mwingi na pigo dhaifu humfanya kila mtu mezani atazame saa.

Jedwali la Nunda

Huyu ameundwa kwa ajili ya wahusika 4 wa ngazi ya 3.

Nunda, mnyama wa umbo kubwa.
Kinga 14. Pointi za uhai 76 (madadu 9 ya pande 10, jumlisha 27). Mwendo futi 40.
Nguvu 18, wepesi 14, uimara 16, akili 4, busara 14, haiba 8.
Mashambulizi mawili kwa zamu. Ukucha: nyongeza 6, madhara dadu 1 la pande 8 jumlisha 4. Meno: nyongeza 6, madhara dadu 1 la pande 10 jumlisha 4.
Kumeza. Badala ya kushambulia, Nunda anaweza kutumia tendo lake kummeza mnyama mdogo, maiti, au mtu aliyeanguka ambaye yuko karibu naye. Anapata alama 1 ya shibe, zisizidi 3. Kila alama inapopatikana anaongezewa pointi 10 za uhai. Kwa kila alama aliyo nayo, meno yake yanaongeza dadu 1 la pande 6 la madhara, na kinga yake inashuka kwa 1 kwa kuwa mwili unazidi kuwa mkubwa na mzito.
Mruko. Mara 1 kwa kila duru, mwishoni mwa zamu ya kiumbe mwingine, anaweza kuruka futi 20 bila waliomzunguka kupata nafasi ya kumpiga.
Kutapika. Akipata madhara 15 au zaidi kwa pigo moja, afanye jaribio la uimara la kufikia 15. Akishindwa, anapoteza alama 1 ya shibe.

Nguvu maalumu ni tatu tu, na kila moja inagusa ile sentensi ya mwanzo. Kumeza kunaweka hatari mezani, mruko unamfikisha Nunda kwenye anachotaka kukila, na kutapika kunawapa wachezaji njia ya kurudisha hali nyuma. Kishawishi cha kumwongezea sumu, kutoonekana gizani au mngurumo wa kuogofya ni kikubwa, lakini kila nguvu isiyohusiana na uamuzi wa msingi huwapunguzia wachezaji uwezo wa kuuona uamuzi huo. Iweke akiba kwa zimwi jingine.

Tukipima, uhai wa 76 unamweka kwenye daraja la 1 la ulinzi, na kinga ya 14 haitofautiani vya kutosha kubadili jambo. Wastani wa ukucha na meno vikipata vyote ni 18, ambayo ni daraja la 2. Nyongeza yake inazidi pendekezo kwa 3, basi inapanda hadi daraja la 3. Wastani ni daraja la 2. Akishashiba alama zote tatu, uhai wake kwa jumla ni 106, sawa na daraja la 3, lakini kinga ya 11 inamrudisha hadi la 2. Madhara yake yamefika takriban 28, daraja la 4. Wastani ni daraja la 3. Kwa maneno mengine, Nunda anaanza akiwa mwepesi kidogo kwa kundi letu, na kama atafikia ugumu kamili au la inategemea wachezaji wenyewe watafanya nini.

Fanya hesabu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina manufaa kuliko daraja lenyewe: pambano litachukua duru ngapi? Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye nyongeza ya 5 anampata Nunda mwenye kinga 14 kwa uwezekano wa asilimia 60, na upanga wa wastani wa 7.5 unampa takriban pointi 4.5 kwa zamu. Wahusika wanne wa kiwango hicho watatoa pointi 18 kwa duru, na Nunda ataanguka katika duru ya 5 hivi. Upande wa pili, mpiganaji mwenye kinga 16 na uhai 28 anapatwa kwa asilimia 55, akipoteza wastani wa takriban pointi 10 kwa duru. Ataanguka katika duru ya 3 au ya 4 akibaki peke yake mbele ya mnyama. Nunda akiwa ameshiba, mpiganaji huyohuyo hana zaidi ya duru 2. Tofauti hiyo kati ya kushiba na njaa wachezaji wataihisi bila kuambiwa namba yoyote.

Zimwi moja mbele ya watu wanne

Zimwi la peke yake lina udhaifu ambao jedwali la sifa haliuonyeshi. Wachezaji wanne wana zamu nne, lenyewe lina moja, na kundi likishirikiana vizuri linaweza kulimaliza kabla halijafanya lolote la kukumbukwa. Mazimwi makubwa ya kitabuni hupewa matendo 3 ya ziada nje ya zamu zao kwa kila duru kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kiumbe wa daraja la 2 au la 3, tendo moja linatosha, ndiyo maana Nunda ana mruko mmoja.

Uwanja wenyewe unafanya kazi kubwa zaidi. Mweke Nunda katika kijiji usiku, mbele ya zizi la mbuzi lililozungushiwa miba, lenye lango la kamba linaloanza kukatika, na mtoto mchungaji aliyejificha ndani kwa sababu alikatazwa kuacha mifugo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo ni sehemu ya zimwi, ingawa hakimo katika jedwali lake.

Duru ya 2 inaweza kwenda hivi. Nunda ameshapoteza pointi 25 na amerukia paa la banda. Msimulizi anasema: "Kamba ya lango imekatika. Mbuzi watatu wametoka wakihangaika, na mmoja amesimama chini ya banda kabisa, kamba ikiburuza shingoni. Nunda hawatazami ninyi tena. Anamtazama yule mbuzi." Kisha ananyamaza, na anamwachia nafasi mchezaji ambaye zamu yake imefika. Mpiganaji anaweza kupanda bandani na kupiga. Anaweza pia kuiwahi kamba na kumvuta mbuzi mbali, akipoteza pigo lake. Mchawi anaweza kutumia uchawi wake wa mwisho wa nguvu ili apate zile pointi 15 za kumtapisha Nunda, au auweke kwa ajili ya mtoto. Wachezaji wakianza kubishana kwa sauti ya chini kuhusu mbuzi mmoja, muundo wako umefanya kazi. Zingatia vilevile kwamba zamu anayotumia Nunda kumeza ni zamu ambayo hampigi mtu, hivyo hata kumwachia mbuzi ni chaguo lenye faida yake, na hakuna jibu lililo sahihi daima.

Kwa kundi la watu 6, usikimbilie kumwongezea uhai maradufu. Ongeza vya kuliwa, na uviweke pande mbili za uwanja ili kundi ligawanyike.

Dalili kabla ya zimwi

Nguvu ambayo wachezaji hawakuweza kuibashiri huonekana kama dhuluma, na ile waliyoweza kuibashiri wakapuuza huwa hadithi watakayoisimulia miaka mingi. Kwa hiyo kila nguvu maalumu itangulizwe na dalili zisizopungua tatu, kwa sababu wachezaji watapita mbili bila kuziona. Kwa Nunda, nyayo za kwanza kijijini ni ndogo kuliko za chui, za juzi ni pana kuliko sahani, na wawindaji wanabishana kama ni wanyama wawili. Mwanamke mmoja anasema lililokula kuku wake halikuwa kubwa. Karibu na mto kuna rundo la matapishi lenye mifupa na pembe, na pembeni yake mkuki uliovunjika, na nyayo zinazotoka hapo zimerudi kuwa ndogo. Mchezaji makini ataunganisha mwenyewe: pigo kubwa humtapisha, na akitapika hupungua.

Hapa ndipo ile hazina ya pili ya ngano inapotumika. Wape wachezaji fununu za kweli zinazoweza kuwaongoza kwa mnyama asiye husika, chui wa kawaida au fisi, ili kijiji kishangilie usiku mmoja na asubuhi zizi jingine likutwe tupu. Fanya hivyo mara moja tu. Mara ya pili itawachosha.

Jambo moja la adabu linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Nunda ni kiumbe wa ngano, na kila aliyemsikia anajua kwamba ni ngano. Si kila kitu cha kutisha katika jamii zetu kiko hivyo. Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku, aliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi mwaka 1995, na wapo wanaoikumbuka hofu hiyo kama jambo lililowapata wao. Majini, kwa mchezaji Mwislamu, ni viumbe waliotajwa katika Kurani, na wengine hawapendi kuwaona wakipewa pointi za uhai. Kabla ya kuleta kiumbe wa namna hiyo mezani, waulize wachezaji wako mmoja mmoja, si mbele ya wenzao, na anayekataa asidaiwe sababu.

Majaribio na marekebisho

Endesha pambano peke yako mara moja kabla ya kikao, ukiwashika wahusika wote na zimwi pia. Usitafute mshindi. Tazama kama kila duru inaleta hali tofauti na iliyopita. Duru ya 3 ikifanana na ya 2, sogeza uwanja: lango livunjike, paa liporomoke, mtoto apige kelele.

Wakati wa mchezo wenyewe, andika kando ya jedwali mambo mawili tu, yaani duru ambayo Nunda alipata kila alama ya shibe, na mara ambazo mchezaji aliacha kupiga ili aokoe kitu. Ikiwa hakuna aliyewahi kuacha kupiga, gharama ya kumwacha Nunda ale ni ndogo mno au haikuonekana. Badili dadu 1 la pande 6 kuwa 2, au msimulie akikua mbele ya macho yao, mgongo ukipasua paa. Ikiwa wote walilinda mifugo na hakuna aliyempiga, wingi wa vya kuliwa umezidi, na mbuzi wapunguzwe hadi wabaki wawili na mtoto. Ikiwa mhusika alianguka na kumezwa papo hapo, hakikisha wachezaji walikuwa na angalau zamu moja kila mmoja ya kumvuta kabla Nunda hajatumia tendo la kumeza. Kanuni inampa Nunda nafasi hiyo katika zamu inayofuata, na msimulizi asiiharakishe.